Asembli ya Mkono, Intrinsiki au Maktaba Iliyokwisha Kunolewa: Ulinganisho kwa Anayetaka Kubana Data kwa Kasi

Msimu wa korosho unapofunguka mwezi Oktoba, kompyuta za ofisi za ushirika katika mikoa ya Mtwara na Lindi hupokea kwa wingi kumbukumbu ambazo miezi mingine huwa chache: uzito wa magunia yaliyopimwa katika vyama vya msingi, stakabadhi za maghala, orodha za minada, malipo ya wakulima na picha za nyaraka zote hizo. Kumbukumbu hubanwa kabla ya kutumwa na kabla ya kuhifadhiwa, na mara nyingi anayebana ni maktaba moja ya programu, zlib, iliyotolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Kazi inapozidi, mwandishi wa programu mwenye ari hujiuliza kama hawezi kuichukua ile sehemu inayokula muda na kuiandika upya kwa lugha ya asembli, amri kwa amri, bila kuitegemea kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa. Swali lake ni la haki. Hapa ninaiweka njia hiyo kando ya nyingine tatu: kubadili kiwango au muundo wa ubanaji, kuweka maktaba ambayo wengine wameshainoa, na kuandika kwa lugha ya C kwa kutumia intrinsiki, ambazo ni vitendakazi vinavyogeuzwa na kompaila moja kwa moja kuwa amri maalumu za prosesa.

Msimamo wangu ni kwamba asembli ya mkono ina mahali pake, lakini mahali hapo ni padogo, na kinachoamua udogo huo ni muundo wa data inayobanwa kuliko ustadi wa mwandishi.

Muda unakwenda wapi kwanza

Chukua mfano wa ofisi ya Newala inayotuma megabaiti 100 za kumbukumbu kila jioni kwa modemu yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Zikitumwa bila kubanwa, zitachukua sekunde 400. Tuseme zlib inazibana hadi megabaiti 20 kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde: ubanaji utachukua sekunde zipatazo 3, na utumaji sekunde 80. Sasa mtaalamu wetu akeshe, aandike asembli, na kasi ya ubanaji iongezeke maradufu. Atakuwa ameokoa sekunde moja na nusu hivi katika kazi ya sekunde 83. Mwenzake asiyejua hata jina la rejista moja, yaani kijisehemu cha kuwekea namba ndani ya prosesa, akichagua kiwango kizito zaidi, kinachotumia sekunde 10 lakini kinachoshusha ukubwa hadi megabaiti 16, atamaliza kwa sekunde 74. Palipo na mtandao mwembamba, uwiano wa ubanaji ni bora kuliko kasi ya ubanaji, na hesabu hii haihitaji chombo zaidi ya kalamu.

Mambo hubadilika kwenye seva ya mjini Mtwara inayochukua nakala rudufu kutoka diski moja kwenda nyingine, au inayofungua maelfu ya faili zilizobanwa kila mhasibu anapotafuta malipo ya mkulima mmoja. Hapo prosesa ndiyo inayosubiriwa. Hata hivyo, programu kama perf katika Linux inapaswa kutangulia kuonyesha ni kitendakazi kipi kinachokula muda. Ikiwa ukokotoaji wa CRC, namba ya kuthibitisha kwamba data haijaharibika, unachukua asilimia 10 ya muda wote, basi hata ukiufuta kabisa, kazi nzima itakwenda haraka kwa mara 1.11 tu. Ikiwa utafutaji wa mifanano, yaani vipande vinavyojirudia katika data, unachukua asilimia 60 nawe ukauongezea kasi mara mbili, utapata mara 1.43. Asiyepima ataishia kunoa upande wa jembe usiolima.

Jambo jingine, ambalo halihusiani na asembli hata kidogo lakini hushinda mengi ya haya: picha za stakabadhi zilizohifadhiwa kwa JPEG zimeshabanwa tayari. Kuzipitisha tena ndani ya zlib ni kuitoa prosesa jasho bila faida ya maana, na inafaa zitengwe kabla ya mjadala mwingine wowote kuanza.

Utafutaji wa mifanano: vita ambavyo C imekwisha vishinda

Muundo wa DEFLATE, unaotumiwa na zlib na programu ya gzip na ulioelezwa rasmi katika RFC 1951 ya mwaka 1996, una hatua mbili. Ya kwanza, inayotokana na kazi ya Lempel na Ziv ya mwaka 1977, hutafuta ndani ya dirisha la kilobaiti 32 kama maneno yanayofuata yamewahi kuonekana nyuma, kisha huandika umbali na urefu badala ya maneno yenyewe, urefu huo ukiwa kati ya baiti 3 na 258. Ya pili hutumia misimbo ya Huffman kuvipa vinavyojirudia mara nyingi idadi ndogo ya biti.

Katika zlib, hatua ya kwanza hufanywa na kitendakazi kinachoitwa longest_match, na ndicho kilichowavuta waandishi wa asembli tangu zamani. Sababu iko katika jedwali la viwango: kiwango cha 6, ambacho ndicho cha kawaida, huruhusu kukagua hadi mahali 128 katika mnyororo mmoja wa mifanano, na kiwango cha 9 huruhusu hadi 4096. Kila mahali panahitaji kulinganishwa, na msimbo wa kawaida wa C wa zlib hulinganisha baiti moja moja.

Tazama kinachotokea programu inapokutana na mistari miwili, mmoja ukisema «korosho daraja la kwanza» na mwingine «korosho daraja la pili». Kwa kulinganisha baiti moja moja, itahitaji kulinganisha mara 19 hadi igundue kwamba herufi k na herufi p hazifanani. Mwandishi wa asembli huchukua baiti 8 kwa mkupuo katika rejista moja na kuzifanyia XOR, hesabu inayotoa sifuri kila palipo sawa, na baiti 8 za upande wa pili. Mkupuo wa kwanza, «korosho » pamoja na nafasi yake, unatoa sifuri. Wa pili, «daraja l», unatoa sifuri. Wa tatu una «a kwanza» upande mmoja na «a pili» na vinavyofuata upande mwingine, na jibu si sifuri tena; amri ya tzcnt inahesabu sifuri za mwisho wa namba hiyo na kupata 16, ambazo ukizigawa kwa 8 ni baiti 2. Jumla ni 8 na 8 na 2, yaani mfanano wa baiti 18, uliopatikana kwa hatua tatu.

Ni mbinu nzuri, na miaka ya nyuma ilikuwa sababu ya kutosha ya kuandika asembli. Leo, kompaila za GCC na Clang hutoa amri hizo hizo mtu anapoandika kwa C ya kawaida, akisoma baiti 8 kwa memcpy na kutumia kitendakazi cha kuhesabu sifuri kilichomo ndani ya kompaila. Maktaba ya zlib-ng, iliyokusanya maboresho ya Intel na Cloudflare pamoja na mengine, inakwenda mbele zaidi: kwa intrinsiki za AVX2, amri za prosesa za Intel na AMD zinazoshika data nyingi kwa pamoja, hulinganisha baiti 32 kwa mkupuo, na ina toleo la NEON, amri za namna hiyo kwa ajili ya prosesa za ARM. Kwa sehemu hii, aliyeandika asembli kwa mkono na aliyeandika intrinsiki watafika pamoja, ila wa kwanza atafika amechoka zaidi.

Ufunguaji wa Huffman: mahali asembli inapostahili

Upande wa kufungua una tabia tofauti. Misimbo ya Huffman haina urefu sawa. Katika DEFLATE inaweza kufikia biti 15, na haijulikani msimbo unaofuata unaanzia wapi mpaka uliotangulia uwe umesomwa. Biti zote zimo katika mkondo mmoja. Prosesa ya kisasa inaweza kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, lakini hapa inalazimika kusubiri, kwa kuwa kila hatua inategemea jibu la hatua iliyopita. Mwandishi wa asembli anaweza kupunguza amri mbili tatu katika mzunguko huo, lakini foleni yenyewe hawezi kuiondoa, kwa sababu imo katika muundo wa faili.

Zstandard, kwa kifupi zstd, muundo na maktaba nyingine ya kubana iliyoanzishwa na Yann Collet na kufikia toleo 1.0 ndani ya Facebook mwaka 2016, iliutazama ugumu huo tangu mwanzo. Sehemu ya Huffman ya muundo wake inaweza kugawanywa katika mikondo minne inayofunguliwa kwa pamoja, na misimbo yake haizidi biti 11, hivyo misimbo mitano inachukua biti 55 kwa wingi wake na kuenea katika rejista moja ya biti 64. Mikondo minne inapokwenda sambamba, prosesa inayousubiri mmoja huendelea na mwingine. Lakini kila mkondo unahitaji kukumbuka mahali pa kusoma, mahali pa kuandika na biti zilizobaki, ambavyo kwa mikondo minne ni vitu 12. Ongeza anwani ya jedwali na mipaka ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kusomea na kuandikia data. Prosesa ya x86-64, aina ya Intel na AMD, ina rejista 16 za kazi za jumla, na moja imeshikwa na staki, eneo la kumbukumbu la kazi za muda. Kompaila ikipewa mzunguko wa namna hii hushindwa kuvipanga vyote, huanza kuvitoa baadhi kwenda kwenye kumbukumbu na kuvirudisha, na kila safari hiyo ni hasara. Mwandishi wa binadamu anayejua nini kinahitajika lini anaweza kuvipanga vyote bila kumwaga kitu, na ndiyo sababu zstd, kuanzia toleo 1.5.1 la mwishoni mwa 2021, ina faili la asembli kwa kazi hii moja.

Hapo ndipo ninapokubali asembli bila kinyongo: mzunguko mfupi, unaorudiwa mara nyingi, ambao kompaila imeshindwa kuupangia rejista na vipimo vimeonyesha hivyo.

CRC na mtego wa majina

Kwa hesabu za kuthibitisha usalama wa data, intrinsiki zinatosha, lakini pana mtego unaostahili kutajwa. Prosesa za Intel zenye SSE4.2 zina amri inayoitwa crc32, na mtu huifurahia akidhani itamkokotolea CRC ya gzip. Haitafanya hivyo. Amri hiyo hukokotoa CRC-32C, inayotumia polinomia nyingine, yaani kanuni tofauti ya hesabu, na faili litakalotoka litakataliwa na kila programu ya gzip duniani. Kwa CRC ya gzip, njia ya haraka kwenye x86 ni amri ya PCLMULQDQ, inayozidisha bila kubeba na kuwezesha kukunja vipande vikubwa vya data kwa mara moja.

Kwenye ARM mambo yamegeuka. Raspberry Pi 4, ambayo ni rahisi kuiweka ghalani kando ya mzani, ina amri ya CRC inayoelewa polinomia ya gzip moja kwa moja, lakini haina nyongeza za kriptografia ambazo PMULL, ndugu yake PCLMULQDQ, imo ndani yake. Msimbo ulioandikwa kwa mkono kwa ajili ya seva ya mjini hauna la kufanya kwenye kifaa hicho. Itabidi uandikwe mwingine.

Gharama ambazo vipimo vya kasi havionyeshi

Ofisi zetu nyingi zina kompyuta za aina mchanganyiko: nyingine mpya, nyingine zimenunuliwa zikiwa zimetumika Dar es Salaam, nyingine za msaada. AVX2 ilianza na kizazi cha Haswell cha mwaka 2013, na hata baada ya hapo Intel iliendelea kuuza prosesa za Pentium na Celeron zisizokuwa nayo. Asembli inayotumia AVX2 bila kuiuliza kwanza prosesa kwa amri ya CPUID itaanguka papo hapo kwenye mashine kama hizo, na itaanguka Ruangwa au Nanyumbu, si mezani kwa aliyeiandika. Zlib-ng na libdeflate, maktaba nyingine ya DEFLATE, huiuliza prosesa zenyewe na kuchagua njia inayofaa.

Halafu kuna utaratibu wa kuita vitendakazi. Katika Linux, hoja mbili za kwanza huingia kwa rejista za rdi na rsi. Katika Windows huingia kwa rcx na rdx, na isitoshe Windows humtaka anayeitwa azihifadhi rdi, rsi na rejista za xmm6 hadi xmm15. Kitendakazi kilichofaulu majaribio yote kwenye seva ya Linux kinaweza kuvuruga xmm6 kwenye kompyuta ya mhasibu na kuharibu hesabu ya programu nyingine kabisa iliyokiita, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Anayeandika intrinsiki hana habari na haya, kwa kuwa kompaila huyashughulikia.

Usomaji wa baiti 8 kwa mkupuo nao una bei yake: baiti za mwisho za bafa zikiwa tatu, mkupuo unaofuata utasoma tano zisizo zako, na ukiangukia ukurasa wa kumbukumbu usioruhusiwa, programu itakufa. Kwa sababu ya aina hii, njia ya haraka ya ufunguaji katika zlib huingiwa tu pakiwa na angalau baiti 6 za kusoma na nafasi ya baiti 258 za kuandikia. Mwisho wa data huachiwa njia ya polepole. Zana ya AddressSanitizer, inayokamata makosa kama hayo katika C, haioni ndani ya asembli.

Haya si makosa ya wanaojifunza peke yao. Toleo la zstd 1.5.2 la Januari 2022 lilitolewa kurekebisha, pamoja na mengine, athari ya kuingizwa kwa lile faili la asembli: kwenye prosesa zisizo za amd64 (jina jingine la x86-64), programu zilikuwa zinaandikwa alama ya kudai staki inayoweza kutekelezwa, jambo ambalo ni mlango wazi kiusalama. Zlib yenyewe, katika toleo 1.2.12 la Machi 2022, iliondoa asembli za zamani zilizokuwa katika folda ya michango, kwa maelezo kwamba hitilafu zimejitokeza ndani yake. Waliozilea maktaba hizi ni miongoni mwa mabingwa wa fani. Ofisi yenye kijana mmoja anayejua asembli, ambaye mwakani huenda akapata kazi Dodoma, ijiulize nani ataisoma kazi yake akiondoka.

Maktaba zilizonolewa, zikilinganishwa zenyewe

Zlib-ng ndiyo rahisi kuiweka, kwa kuwa inaweza kujengwa kwa hali ya kuoana na zlib, na programu zilizopo zikaitumia bila kubadilishwa. Ijulikane kwamba mafaili inayotoa ni halali lakini hayafanani baiti kwa baiti na ya zlib, hivyo mfumo unaolinganisha alama za hesabu (hash) za mafaili yaliyobanwa utalalamika. Pia kiwango chake cha 1 kimeelekezwa kwenye kasi na hutoa mafaili makubwa kuliko kiwango cha 1 cha zlib. Libdeflate, ya Eric Biggers, ina viwango hadi 12 na ni ya haraka sana, lakini inataka data yote iwe katika kumbukumbu kwa mara moja. Inafaa stakabadhi na ripoti, haifai nakala rudufu ya gigabaiti 40 isipokuwa ikatwe vipande. ISA-L ya Intel ndiyo iliyoandikwa kwa asembli kwa wingi, na ina viwango vichache, 0 hadi 3. Anayetaka kuona asembli ya mkono ya DEFLATE iliyofanywa kwa uangalifu aisome hiyo kabla ya kuanza yake.

Zstd ni habari nyingine kwa sababu inabadili muundo, na upande wa pili lazima uweze kuufungua. Pale unapoimiliki ncha zote mbili, ina jambo ambalo asembli haiwezi kulipa: kamusi. Ujumbe mmoja wa stakabadhi wenye baiti mia chache haubaniki vizuri ukiwa peke yake, kwa kuwa hakuna cha nyuma cha kurejelea. Ukiifundisha zstd kwa sampuli za stakabadhi za msimu uliopita, maneno kama majina ya maghala na madaraja ya korosho yanakuwa tayari katika kamusi kabla ya ujumbe wa kwanza kuanza. Zlib nayo inakubali kamusi, ikibanwa na dirisha lake la kilobaiti 32, ingawa ni wachache wanaoitumia.

Nani achague nini

Kituo kinachotuma kwa modemu kiache prosesa ilivyo, kichague zstd ya kiwango cha juu yenye kamusi, au gzip ya kiwango cha 9 ikiwa anayepokea anaelewa gzip tu. Seva ya nakala rudufu itumie zstd yenye nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba; ikilazimika kubaki na gzip, pigz, ambayo ni ya Mark Adler mwenyewe, hugawa kazi kwa viini vyote vya prosesa na kuleta nafuu ambayo asembli ya kiini kimoja haitaifikia. Seva inayofungua mafaili madogo kwa wingi iende libdeflate. Mwenye programu yake iliyofungwa na zlib asiyeweza kuibadilisha aweke zlib-ng chini yake.

Intrinsiki ziwe za anayeandika maktaba yake na anayetaka ifanye kazi kwenye Windows, Linux na ARM kwa pamoja. Asembli ya mkono ibaki kwa aliyekwisha kupita njia hizo zote, ambaye perf inamwonyesha mzunguko mmoja unaokula muda, ambaye ameisoma kazi ya kompaila na kuona rejista zikimwagwa, na ambaye mashine zake ni za aina moja. Hata yeye aweke toleo la C kando ya asembli, lichaguliwe kwa swichi moja, na matoleo mawili yalinganishwe kwa data za kubahatisha, za urefu wa kila aina kuanzia baiti sifuri, kwa muda mrefu kuliko anavyoona inatosha.

Kuhusu wakati wa kubadilisha, miezi ya kati ya Machi na Agosti inafaa kuliko mingine kwa mifumo ya korosho, ingawa kwa Lindi minada ya ufuta huangukia humo na inafaa iepukwe. Maktaba mpya iendeshwe sambamba na ya zamani kwa kipindi hicho, kwenye mashine iliyo dhaifu kuliko zote wilayani, na kila faili lililobanwa na mpya lifunguliwe na ya zamani pale muundo unaporuhusu. Lile faili la zlib ya awali lihifadhiwe kwenye mashine hiyo hiyo, pamoja na maelekezo ya kulirudisha, hadi msimu mmoja kamili upite.